Asiyefika Kazini: Mtoro au Mwenye Udhuru?

Lipo neno ambalo hutamkwa upesi sana katika maduka na maghala yetu, nalo ni neno "mtoro." Mtu akikosa kufika kazini siku moja, huulizwa habari zake, akikosa siku ya pili, huguniwa, akikosa ya tatu, huwa keshapewa jina hilo, na jina likishamganda mtu halibanduki kwa maji. Nataka leo tulitie neno hili katika mizani, kwani mwaka jana niliitwa kulitolea hukumu, nami nikakaribia kumhukumu mtu kwa karatasi tu, bila ya kumwona uso wake wala kuisikia sauti yake.

Habari yenyewe ni hii. Tajiri mmoja wa mji wetu, mtu mwenye swala zake na sadaka zake, ana ghala la nafaka na watumishi 23. Zamani mahudhurio ya watu wake yalikuwa yakiandikwa na karani katika daftari. Kisha mpwa wake, kijana aliyesomea mambo ya ofisi, akamtilia mashine ya kugusa kwa kidole, na hesabu zote zikawa zaingia katika kompyuta. Mwisho wa mwaka kijana akatoa karatasi yenye majina yote, na mbele ya kila jina nambari. Nambari kubwa kupita zote ilikuwa ya hamali mmoja: 1,694. Aliyemfuatia hakufika hata 300. Tajiri akaniletea karatasi ile baada ya swala ya alasiri, akaniambia, "Maalim, mtu huyu nimekuwa naye miaka tisa. Nataka kumwondoa, lakini sitaki kumdhulumu. Nitazamie."

Nikamwuliza kijana nambari ile imepatikanaje. Akanieleza kwa adabu kwamba ni kanuni inayotumiwa sana katika maofisi ya Uingereza, nayo huitwa kwa jina la mji wa Bradford. Huchukuliwa idadi ya mara ambazo mtu alikosa kufika, ikazidishwa kwa nafsi yake, kisha ikazidishwa kwa jumla ya siku zote alizokosa. Mtu aliyekosa mara moja tu, akakaa nyumbani siku 10 mfululizo, hesabu yake ni 1 mara 1 mara 10, yaani 10. Mtu aliyekosa mara 10, kila mara siku moja, hesabu yake ni 10 mara 10 mara 10, yaani 1,000. Siku walizokosa ni sawasawa, lakini huyu wa pili ameonekana mbaya mara mia kuliko mwenziwe. Hamali wetu alikosa mara 11, jumla siku 14. Basi 11 mara 11 mara 14, ndiyo hiyo 1,694. Karani wa ghala hilo hilo alivunjika mguu akalala siku 40, na nambari yake ilikuwa 40.

Kanuni hii haikukosa maana. Anayeugua siku 40 hujulikana kuwa hayupo, na tajiri humtafutia wa kushika nafasi yake. Lakini anayekosekana asubuhi, lori liko mlangoni na magunia yangoja migongo, huwatia wenzake wote katika dhiki. Kazi ya watu wanne hubebwa na watatu. Kwa hiyo walioitunga waliona kwamba kukosekana mara nyingi kwa kushtukiza kwadhuru zaidi ya kukosekana mara moja kwa muda mrefu. Hilo ni kweli, na kila mwenye duka alijua kabla ya kuambiwa na Waingereza.

Nami, Mungu anisamehe, nilipoiona nambari ile nikasema moyoni: huyu ni mtoro. Wala sikulisema moyoni peke yake. Nilimwambia tajiri, "Mtu anayepokea mshahara wa mwezi kisha akatoroka siku 14, amekula kisicho chake." Tajiri akaikunja karatasi akaitia mfukoni, na nikaona amekwisha kata shauri. Niliporudi nyumbani, chakula hakikunipita. Nimesomesha vijana miaka mingi kwamba kadhi haisikilizi hoja ya mdai akaondoka asimsikilize mdaiwa, na mimi nimekwisha fanya lilo hilo, tena kwa mdai asiye na ulimi, ambaye ni karatasi.

Tutazame basi tangu mwanzo. Kabla ya kuuliza mtu alikosa siku ngapi, yafaa kuuliza: je, aliuza nini? Mafakihi katika mlango wa ijara wamewagawa wenye kuajiriwa mafungu mawili. Wa kwanza ni ajiri khass, aliyeukodisha muda wake kwa mtu mmoja, kama karani, mtumishi wa nyumba au mlinzi. Huyu astahiki ujira kwa kuitoa nafsi yake katika muda ule, hata ikiwa bwana wake siku hiyo hakuwa na kazi ya kumpa. Wa pili ni ajiri mushtarak, aliyeahidi kazi, kama fundi cherehani. Huyu hulipwa kwa kazi yake, na akishona usiku au mchana hilo ni shauri lake. Fundi cherehani akilala mpaka adhuhuri, mwenye kanzu hana hoja naye maadamu kanzu itakuwa tayari siku waliyoagana. Mlinzi akilala, amevunja ahadi, ijapokuwa usiku huo hakupita mwizi. Na hata huyo ajiri khass hakuuza kila dakika yake. Mafakihi wamesema kwamba nyakati za swala za faradhi zimetolewa katika mkataba kwa kawaida yake, wala ujira haupunguzwi kwa ajili yake. Yaani tangu zamani ilijulikana kwamba anayekodi muda wa binadamu hakodi punda wa kusaga, na kwamba ndani ya siku iliyouzwa mnabaki kitu kisichouzwa.

Wazee wetu wa bandari ya Mombasa waliifahamu tofauti hii bila ya kuisoma. Neno "kibarua" lenyewe asili yake ni barua ndogo, cheti cha kazi ya siku moja. Mtu alichukua kazi siku aliyoitaka, akalipwa siku ile, na kesho yake akalima shamba lake au akavua. Na katika Kenya ya ukoloni palikuwa na mkataba wa tikiti, ambao kwa huo mtu alipewa siku 42 za kutimiza siku 30 za kazi. Siku 12 zilizosalia zilikuwa zake kwa mapatano, na kutofika kwake ndani ya siku hizo hakukuwa kosa lolote. Lakini wakubwa wa bandari na wa serikali hawakupenda mtu awe na hiari ya namna hiyo. Katika miaka ya 1940 na 1950 wakawaandikisha vibarua, wakawataka wafikishe idadi ya siku kila mwezi, na asiyefikisha akafutwa. Kitendo ambacho jana kilikuwa haki ya mtu, leo kikaitwa uvivu, na ripoti zikajaa maneno juu ya uvivu wa watu wa pwani. Mtu ni yule yule na mgongo ni ule ule. Mkataba ndio uliobadilika.

Ajabu ni kwamba waliotuita wavivu walitoka katika nchi ambayo mafundi wake, kwa vizazi kadhaa, hawakufanya kazi siku ya Jumatatu. Walikuwa wakipokea ujira wao Jumamosi, wakaila Jumapili, na Jumatatu wakajipumzisha na kileo chao. Nao wakaiita siku hiyo kwa mzaha "Mtakatifu Jumatatu," kama kwamba ni sikukuu ya walii. Benjamin Franklin, yule Mmarekani mashuhuri, alipokuwa kijana alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji mjini London katika miaka ya 1720, na katika kitabu cha maisha yake ameeleza kwamba tajiri wake alimpenda kwa kuwa yeye hakuisherehekea siku hiyo hata mara moja. Sisemi haya kwa kuwacheka. Nasema ili tujue kwamba kutofika kazini ni mwendo wenye sababu zake kila mahali, wala haukuumbwa pamoja na rangi ya mtu au pwani aliyozaliwa.

Mwendo huo ukitazamwa kwa watu wengi na kwa miaka mingi, huonyesha mambo ambayo hayaonekani kwa mtu mmoja. Kuanzia mwaka 1985 matabibu wa Uingereza waliwafuatilia watumishi 10,308 wa serikali mjini London, wote wakiwa watu wa maofisi. Wakakuta kwamba wanaume wa daraja ya chini kabisa walikosa kazi kwa ugonjwa mara sita zaidi kuliko wanaume wa daraja ya juu kabisa. Mara sita! Mwenye haraka atasema: ndivyo walivyo wadogo, hawana uaminifu. Lakini uchunguzi ule ule ukaonyesha kwamba wale wa chini kweli walikuwa wagonjwa zaidi, na baadaye ikadhihirika kwamba walioandikiwa mapumziko marefu ya ugonjwa mara nyingi walikufa mapema kuliko wenzao. Mtoro hafi kwa utoro wake. Na iko sababu nyingine ambayo haihitaji tabibu kuieleza. Mkubwa akiumwa na kichwa huja saa nne, akafunga mlango, akaondoka saa nane, na siku hiyo huandikwa kuwa alikuwako. Mdogo mwenye kichwa hicho hicho ama yupo mlangoni saa moja kamili ama hayupo.

Sitaki msomaji adhani kwamba namtetea kila mwenye kukosekana. Wapo wanaodhulumu kwa kutofika, na dhulma yao haimpati tajiri bali humpata mnyonge. Katika miaka ya 2002 na 2003 watafiti walizuru shule na zahanati bila ya kutoa habari katika nchi sita, yaani Bangladesh, Ecuador, India, Indonesia, Peru na Uganda. Wakakuta kwa wastani walimu 19 katika kila 100 hawapo, na watumishi wa afya 35 katika kila 100. Uganda walimu waliokosekana walikuwa 27 katika 100. Mtoto aliyetembea kwa miguu hadi shuleni akakuta ubao mtupu, na mwanamke aliyebeba mgonjwa akakuta mlango wa zahanati umefungwa, hao wameibiwa, na hapana udhuru wa jumla utakaoifuta siku yao. Na huko India, walipotazama zaidi, wakaona kwamba karibu nusu tu ya walimu wote ndio waliokutwa wakifundisha, kwani miongoni mwa waliokuwako wapo waliokaa wakisoma gazeti. Hao mashine ya kidole ingaliwashuhudilia kwa wema. Mimi naona kwamba aliyekuja kwa mwili akaiacha kazi amekosa zaidi ya asiyekuja, kwa kuwa yule asiyekuja angalau hakudanganya kwa sura yake.

Haya ndiyo niliyoyawaza usiku ule. Asubuhi nikaenda ghalani, nikamwomba kijana anitolee tarehe badala ya nambari. Akasema tarehe zimo zote ndani ya kompyuta, ila hakuna aliyewahi kuziuliza. Tulipozitandika mezani, jambo la kwanza tuliloliona lilikuwa la mahamali wote pamoja: kuanzia Mei hadi Julai walikosa kufika zaidi ya miezi mingine, na makarani hawakukosa. Hiyo ni miezi ya baada ya mvua za masika, na kila mkaaji wa pwani ajua kwamba ndiyo miezi ya malaria. Makarani wakaa nyumba za ghorofa na mahamali wakaa mabondeni kwenye maji yaliyotuama. Jambo la pili lilikuwa la mtu wetu. Katika mara zake 11, mara nane ziliangukia Jumanne ya kwanza ya mwezi. Kanuni ya Bradford ilikuwa imeimeza Jumanne hiyo ikatutemea nambari.

Nikamwambia tajiri, "Ndugu yangu, jana nilikushauri vibaya. Mwite mtu huyu tumsikilize." Mpwa wake akaniunga mkono, akasema kwamba hata Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu mtu kufukuzwa kwa kosa la kutofika kabla ya kuelezwa shtaka lake kwa lugha anayoifahamu, akiwa na mwenziwe aliyemchagua, na maneno yao kusikilizwa. Akaitwa, akaja na hamali mwenziwe mtu mzima. Akasimama mlangoni na vumbi la unga mabegani, akakataa kukaa.

Nikamwuliza, "Mwanangu, Jumanne ya kwanza ya mwezi wewe huenda wapi?"

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Maalim, nampeleka mtoto."

Mtoto wake wa miaka sita ana ugonjwa wa selimundu, huu unaozipinda chembe za damu zikawa na umbo la mundu, zikaziba mishipa, na mtoto akalia kwa maumivu ya mifupa usiku kucha. Ni ugonjwa ulio mwingi pwani kwetu, hasa upande wa Kilifi, na mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili. Kliniki yake ni Jumanne ya kwanza ya mwezi. Miezi mingine mama yake humpeleka, na miezi ambayo mama alikuwa na kichanga alimpeleka yeye. Mara nane siku moja moja. Na mara moja mtoto alilazwa, siku tatu. Hizo ni siku 11.

"Mbona hukuomba ruhusa?" akauliza tajiri.

"Niliomba mwaka juzi, bwana. Msimamizi akaniambia hamali hana likizo. Nikaenda hivyo hivyo, nikakatwa ujira wa siku mbili kwa siku moja. Tangu hapo nikaona kuomba na kutoomba ni mamoja." Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba hakutaka pia ugonjwa wa mtoto ujulikane, kwa kuwa majirani walikuwa wamekwisha sema kuwa ni uchawi wa upande wa mkewe.

Zilibaki siku tatu. Nikamwuliza juu yake, na hapo ndipo alipoinamisha kichwa. Siku hizo, katika mara mbili mbalimbali, alikwenda kupakua saruji kwa mtu mwingine kwa ujira wa siku, kwa kuwa dawa zilikuwa zimekwisha na mwezi ulikuwa katikati. Hakuna aliyejua. Angaliweza kusema kuwa alikuwa mgonjwa nasi tukamsadiki.

Msomaji ataona ugumu wa mambo. Siku zile tatu aliziuza mara mbili, kwani yeye ni ajiri khass na muda ule ulikuwa umekwisha kodiwa. Sikuweza kumwambia kwamba ni halali, wala mwenyewe hakudai hivyo. Nikasema: ujira wa siku tatu ni deni juu yako, na tajiri ana hiari ya kukukata au kukusamehe. Na sheria ya nchi nayo yaruhusu kukata kiasi kisichozidi ujira wa siku moja kwa kila siku moja mtu aliyokosa bila ya ruhusa wala udhuru. Kwa hiyo msimamizi aliyekata siku mbili kwa moja alikuwa amechukua siku isiyo yake, na huyo hana nambari mbele ya jina lake.

Kisha nikamwuliza kijana swali lililonijia hapo hapo: mtu huyu, katika miaka tisa, amepewa mapumziko ya mwaka mara ngapi? Akatafuta katika mashine, akatafuta tena katika madaftari ya zamani. Hakuna hata mara moja. Sheria ile ile ya 2007 yampa kila mtumishi aliyetimiza miezi 12 siku za kazi zisizopungua 21 za mapumziko kwa mshahara kamili. Kwa mwaka ule mmoja tu alikuwa na siku 21 zake, naye alikosa 14. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya mwenye haki kujitwalia haki yake mwenyewe akiwa amenyimwa, na mas'ala hayo ni marefu. Lakini huyu hata hakujua kwamba ana haki, basi hawezi kuambiwa kwamba aliikusudia. Kwa hiyo hukumu yangu juu ya siku tatu haikubadilika. Iliyobadilika ni nani aliyekuwa amesimama mlangoni na nani aliyekuwa amekaa kitini.

Tajiri hakusema neno. Akamwambia hamali arudi kazini, na wala hakumtajia deni. Kisha akamgeukia mpwa wake, akamwambia atilie katika karatasi safu ya pili, ya siku ambazo kila mtumishi alistahiki kupewa asipewe. Kijana akatazama, akagusa huku na huku, akasema, "Mjomba, programu haina nafasi hiyo."

Tajiri akaondoka kitini, akaliteremsha daftari kuukuu kutoka juu ya kabati, akalipangusa vumbi, akaomba rula. Jina la kwanza aliloliandika, kwa mkono wake, lilikuwa la mlinzi wa usiku, aliyekuwa naye kwa miaka 16.